Kibanda Ndani ya Makazi ya Ndege

Kazi ya kwanza iliyonipa kiti cha kukalia ilikuwa ya kuchora mahali ndege wanapolala. Kabla ya hapo nilikuwa nikibeba magunia ya ngano pale stesheni ya Nakuru, kazi isiyohitaji mwandiko mzuri. Lakini mwandiko mzuri nilikuwa nao. Wamishonari wa kwetu magharibi walinichapa viboko mpaka herufi zangu zikasimama wima kama askari kwenye gwaride, na katika miaka ile ya hamsini, Mwafrika mwenye herufi zilizosimama wima alikuwa mtu wa kutafutwa, mradi yeye mwenyewe asisimame wima kupita kiasi.

Aliyenitafuta alikuwa Mzungu mmoja mstaafu wa jeshi. Watu wote walimwita Meja, hata wale ambao hawakujua meja ni kitu gani. Serikali ilikuwa imeanza kufikiria kulifanya ziwa la Nakuru kuwa hifadhi, ili wageni kutoka ng'ambo waje kutazama ndege na wanyama, na Meja alikuwa amepewa hema, gari, darubini na amri ya kutengeneza ramani. Ramani hiyo ingeonyesha flamingo wanakula wapi, mwari wanapumzika wapi, kuro wanashuka kunywa maji wapi, na nyani wanalala kwenye majabali yapi. Kisha barabara zingekatwa kuifuata, ili mgeni aliyesafiri kwa meli kutoka Ulaya asije akapoteza adhuhuri yake akitazama nyasi tupu.

Jioni nilipomweleza mke wangu habari ya kazi hiyo, alikuwa anasonga ugali. Tulikuwa tukiishi kwa kaka yangu kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wake wawili na waume wawili katika chumba kimoja, pazia katikati.

"Kwa hiyo Serikali inataka kujua kila ndege analala wapi," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe huwezi kuwaambia waje wapime na hapa?"

Nilimwambia kwamba ofisi hiyo ilikuwa ya wanyama tu. Akaniambia basi nijitahidi nipande cheo.

Meja alikuwa anapenda ndege, na hilo sitamnyima. Nilimwona akilala kifudifudi kwenye matope ya magadi, kaptura yake safi ikiharibika, ili tu asimshtue kitwitwi mmoja aliyekuwa akinywa maji. Aliweza kuigiza sauti ya kila ndege wa ziwa lile, na ndege wakamjibu. Alipowazungumzia alishusha sauti kama mtu aliye kanisani. Sauti yake kubwa alikuwa ameiweka kwa ajili yetu.

"Hapana piga kelele!" alikuwa akitupigia kelele. "Ndege nakula!"

Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani kwa walowezi, chenye maneno machache na yote ya amri. Mimi alinipenda kwa kiasi chake. "Wewe nachora vizuri sana," aliniambia siku moja, "kwa sababu hapana fikiri." Nikamshukuru. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Serikali ikimshuku kila Mwafrika, na mtu akisema hadharani kwamba hufikiri, hiyo ilikuwa kinga bora kuliko kipande cha utambulisho nilichokibeba mfukoni. Wanyama tuliokuwa tukiwachora hawakubeba kipande. Waliingia Naivasha wakatoka, wakavuka mashamba ya watu, wakalala walikotaka, na Serikali ikawafuata nyuma na kalamu ya rangi kwa adabu.

Tulipima kwa mnyororo na kwa darubini ya miguu mitatu. Wanaume wawili waliuvuta mnyororo, Meja akachungulia na kutaja tarakimu, nami nikaandika. Tukirudi hemani nilihamisha kila kitu kwa wino kwenye kitambaa cha kuchorea, kile chembamba kinachopitisha mwanga. Kila mnyama alikuwa na rangi yake. Flamingo walipewa waridi, kuro kahawia, na mwari, kwa sababu rangi zilikuwa zinaisha, wakapewa kijivu.

Tulipofika upande wa kusini, kwenye migunga ya manjano, tukakuta kibanda.

Kilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, na nje yake alikaa mama mmoja akivuta ugoro. Nadhani alikuwa amepita miaka hamsini. Marehemu mumewe alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mlowezi wa jirani. Mume alikufa, mlowezi akauza shamba akarudi kwao, na mwenye shamba mpya hakujua kwamba pamoja na ardhi amenunua mama na mbuzi wake. Kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Alikwangua magadi ufukweni, akawauzia wenye ng'ombe na wapishi, na alikuwa na ugomvi na karibu kila mtu aliyewahi kununua kwake. Mbuzi wake ndio pekee aliowasema vizuri.

"Mnatafuta nini na huo mnyororo?" akaniuliza. "Kuna mtu ametoroka?"

"Hapana, mama. Tunapima mahali ndege wanaishi."

"Wanaishi majini. Si mnawaona?"

Jua lilikuwa kali. Alituachia kivuli cha ukuta wake, akatupa na maji. Meja aliyanywa, akasema asante vizuri kabisa, kisha akatangaza kwamba mahali pale ndipo patakapofaa kuwa pa wageni kusimama na kutazama, kwa kuwa ziwa lote lilionekana kutoka mlangoni mwa mama yule.

Jioni nilichora kile nilichopima. Katika kazi ya ramani nyumba ni mraba mdogo mweusi, nami nikauweka mraba wangu pale kwenye migunga. Meja akainama juu ya bega langu.

"Hii nini?"

"Nyumba, Bwana."

"Nyumba ya nani?"

"Ya yule mama aliyetupa maji."

Alifikiri kidogo. Sura yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa sura ya mtu aliyeona doa kwenye kitambaa cha meza. "Hapa ni makazi ya ndege," akasema. "Ndege hapana jenga nyumba namna hii." Akachukua wembe, maana wino kwenye kitambaa kile hukwanguliwa kwa wembe, akaanza kukwangua mwenyewe. Angeniachia mimi ningekwangua polepole. Yeye alikwangua kijeshi, na kitambaa kikatoboka. Palipokuwa na kibanda pakawa na tundu, na wiki zilizofuata nilikaa nikiichora upya ramani nzima, kila kuro na kila mwari, ili mtu mmoja asionekane.

Mke wangu aliponiuliza kwa nini narudi na macho mekundu, nikamweleza.

"Huyo mama anajua kwamba hayupo?"

"Bado hajaambiwa."

Aliambiwa. Askari wawili wa utawala walitumwa, na Meja akanichukua ili tusimamie. Askari mmoja alimweleza mama kwamba lazima ahame kwa sababu anawasumbua ndege.

Mama akaweka chini kibuyu chake cha ugoro. "Ni yupi amelalamika?" akauliza. "Nionyesheni, nikamwombe radhi."

Askari akanitazama mimi, kana kwamba jina la ndege huyo lilikuwa kwenye ramani. Nikatazama ziwa. Flamingo walikuwa kule maelfu kwa maelfu, vichwa vimeinamishwa majini, wakila bila kumsikia mtu.

Hakupiga kelele, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alifungasha vyungu viwili, ngozi ya kulalia na jembe. Meja alitoa gari lake mwenyewe ili mama asitembee, maana alikuwa muungwana. Kama kumwondoa mtu nyumbani kwake kulihitajika, kungefanywa kwa heshima zote. Akamfungulia mlango wa mbele. Mimi nikapanda nyuma na mbuzi. Tulipokuwa tayari kuondoka mama akasema, "Ngoja," akashuka, akaingia ndani, akatoka na figa moja la jikoni kifuani. Akarudi kwa la pili, kisha la tatu. Meja aliitazama saa yake. Mawe yalikuwa bado na joto. Niliyapokea nikayaweka kati ya miguu yangu, na njia nzima joto lile likanipanda magotini, na sikujua nitazame wapi. Nyuma yetu askari walikuwa tayari juu ya paa, wakivuta nyasi.

Tulimshusha kwenye kambi ya vibarua nyuma ya kilima. Akaniambia, "Karani, huyo bwana wako anaendesha vibaya." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kuagana.

Ramani ikaenda Nairobi kuchapwa. Ilirudi maridadi mno. Upande wote wa kusini ulikuwa wa waridi, bila doa. Meja aliitundika hemani, akasogea nyuma, akaitazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi yake.

Kisha mvua ikakataa kunyesha.

Mwanzoni ziwa lilirudi nyuma kidogo tu, na Meja akasema ni kawaida. Likarudi tena. Maji yakawa mazito, yakanuka, na ufuko ukapanuka, mweupe, ukipasuka chini ya viatu. Asubuhi moja tulifika tukakuta kimya. Hakuna aliyewaona wakiondoka. Flamingo walikuwa wamekwenda zao kwenye maziwa mengine ya bondeni, wote, bila kutoa notisi kwa ofisi yetu, wakaacha manyoya ya waridi yakiviringishwa na upepo juu ya magadi makavu. Meja alisimama ufukweni na darubini muda mrefu sana. Alihama kutoka mahali hadi mahali kwa kufuata ramani, kana kwamba ni yeye aliyekosea njia.

"Watarudi," akasema. Na kwa mara ya kwanza alinisemesha kwa sauti ile ya chini aliyowawekea ndege.

Lakini wageni walikuwa tayari wamealikwa. Walikuja kwa treni: mkubwa mmoja kutoka Nairobi, waungwana kadhaa wa Kiingereza waliofikiriwa kwamba wangeipeleka sifa ya ziwa letu kwao, na bibi mmoja mzee mwenye kamera shingoni na kofia iliyofungwa kwa kitambaa chini ya kidevu. Meja alivaa suti. Tuliwapeleka kwenye migunga, pale palipokuwa na mlango wa mama, na Meja akaikunjua ramani juu ya boneti ya gari.

Upepo wa mchana wa Nakuru huwa haumngojei mtu. Ulishuka kutoka upande wa mlima Menengai, ukalipita ziwa kavu, ukanyanyua magadi yote yaliyokuwa chini ukayaleta usoni mwetu. Katikati ya wingu hilo jeupe niliisikia sauti ya Meja ikisema kwa Kiingereza kwamba hapa mbele yao palikuwa na mojawapo ya makundi makubwa ya ndege yanayoweza kuonekana na jicho la binadamu.

Wageni wakakodoa macho yao yaliyojaa chumvi.

"Wako ndani ya vumbi?" bwana mmoja akauliza kwa upole.

Meja akasema kwamba kwa kawaida wako. Yule mkubwa kutoka Nairobi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka akaketi kwenye ngazi ya gari. Tulikuwa tumeleta mvinyo, sambusa na viti vya turubai, ila maji ya kunywa hakuna aliyekuwa ameyakumbuka. Kwenye ramani palikuwa pamejaa maji.

Ndipo mbuzi wakatokea. Walitoka kwenye vumbi mmoja mmoja, na nyuma yao mama, gunia la magadi mgongoni. Alikuwa akija kila siku, kama zamani, isipokuwa sasa alitembea kutoka nyuma ya kilima. Alitutazama: Wazungu weupe kuliko kawaida yao, machozi yakiwachirizika, mmoja wao amekaa chini akitafuta pumzi.

"Karani," akaniita, "hawa nao wamefukuzwa?"

Hakungoja jibu. Alimwendea yule mkubwa, akafungua kibuyu chake kirefu, akammiminia kwenye kifuniko maziwa ya mgando, yale ya kwao milimani Mau yanayotiwa masizi ya mti mpaka yawe ya kijivu. Mkubwa aliyatazama. Kama asingekuwa anakufa asingeyanywa. Akanywa, kikohozi kikatulia, akarudisha kifuniko kijazwe tena. Wageni wengine wakajipanga. Yule bibi mzee aliyapiga picha maziwa, mbuzi, mikono ya mama na uso wake, kisha akauliza kwa furaha nyumba yake iko wapi, kwa kuwa angependa sana kuiona.

Miguuni petu lilibaki duara la udongo uliokuwa ukuta. Meja alisimama juu yake kwa viatu vyake, kama mtu anayeficha kipande cha sigara.

Haukupita muda ikaja amri kutoka Nairobi. Wageni walikuwa wamefurahia ziara yao kupita kiasi, hasa maisha ya asili, na ilionekana ni jambo la ajabu kwamba ramani haikuonyesha kibanda cha mwenyeji. Kirudishwe haraka iwezekanavyo, na mwenyeji ndani yake.

Meja akanichukua mpaka kambi ya vibarua. Yeye na mama wote walisema Kiswahili, lakini Kiswahili chao hakikuwahi kukutana, kwa hiyo nilisimama katikati.

"Ambia yeye, Serikali narudisha nyumba yake."

Nikamwambia.

"Muulize walikuwa wameiweka wapi," mama akasema.

"Anasema nini?"

"Anashukuru, Bwana."

Mama alinitazama kwa jicho moja, maana alikuwa amesikia vizuri. Kisha akataja masharti yake. Mbuzi wake walambe magadi popote wanapotaka, na askari asiwarushie jiwe. Hilo Meja alilikubali. Apewe njia ya kwenda sokoni isiyozungushwa kwa ajili ya kuro. Hilo pia. La mwisho, asiingie mtu nyumbani kwake bila kupiga hodi.

Hapo Meja akakwama. "Wageni hapana jua hodi."

"Wafundishwe," mama akasema. "Wewe karani si unajua kuandika? Waandikie."

Nikatengeneza kibao cha mbao, nikaandika kwa rangi nyeusi PIGA HODI, kila herufi imesimama wima. Sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko kile. Wageni walikisoma kwa makini, na kwa miezi mingi nilisikia Waingereza wakiulizana kama Wahodi ni jamaa za Wamasai, na kama wamebaki wengi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mafundi wa Serikali, na kweli walijitahidi. Waliijenga duara kamili, sakafu ya saruji, na dirisha kubwa sana ili wenye kamera wapate mwanga. Mama aliingia, akazunguka mara moja, akatoka.

"Ni nzuri," akasema. Akawaingiza mbuzi.

Yeye mwenyewe alijijengea kibanda cha udongo nyuma ya vichaka vya leleshwa, hatua chache kutoka pale, na huko ndiko aliishi. Wageni walipokuja alitoka, akasimama mbele ya nyumba ya mbuzi, akapigwa picha, akauza magadi kwa bei aliyoifikiria papo hapo, kisha akarudi kwake. Ramani ilichapwa upya na mraba wangu mweusi juu ya nyumba ya mbuzi. Kuhusu kibanda kile kingine hakuna aliyeniuliza, na mimi, kama Meja alivyokwisha kusema, sikuwa mtu wa kufikiri.

Nilizoea kukaa naye pale saa za mapumziko. Alinitukania chakula changu cha mchana, akaniuliza kwa nini mke wangu hanenepi, akanisimulia habari za mbuzi mmoja mmoja na ukoo wao. Wakati mwingine tulitazama tu ziwa lisilo na maji. Nilikuwa nampenda, ingawa ungemwambia hivyo angekuuzia magadi kwa bei ya juu zaidi.

Mvua iliponyesha, ilinyesha kama inayolipa kisasi. Ziwa lilijaa, likaupita ufuko wake wa zamani, likaingia kwenye migunga. Sakafu ya saruji ikazama, kisha ukuta, na mwishowe nyumba yote ikaanguka majini, mafundi wakiwa Nairobi. Kibanda cha mama, kilichokuwa mahali pa juu kidogo, hakikuguswa. Na asubuhi moja kabla sijashuka garini nilisikia mngurumo ule wa sauti nyingi, wa chini kwa chini, tuliokuwa tumeusahau.

Meja alikuwa amekwisha kufika. Alisimama majini na soksi zake ndefu, maji yakimfika magotini, akilia waziwazi. "Wamerudi," akaniambia kwa Kiswahili sanifu, bila kosa hata moja. Flamingo walitembea huku na huku, mahali ambapo ramani zote mbili zilisema pana kuro. Ningeweza kumwonyesha hilo. Sikumwonyesha. Nilivua viatu nikaingia majini nikasimama karibu naye, tukawatazama pamoja mpaka jua likawa kali, na asubuhi ile sikumcheka hata moyoni.

Mama aliondoka mwaka huohuo, kwa hiari yake. Alisema matope yanaharibu kwato. Alipanda Mau kwa binti yake, upande wa Olenguruone, mbuzi wakitangulia, na akamwachia mke wangu mfuko wa magadi na salamu kwamba ajifunze kupika maharage.

Meja naye alirudishwa kwao muda mfupi baadaye, na ofisi ikaniambia nisubiri niitwe. Wakati nasubiri, Jumapili moja baada ya kanisa, mke wangu akasema twende tukawaone hao ndege. Kwenye barabara mpya palikuwa na kizuizi, na askari kijana mwenye koti lililopigwa pasi.

"Ruhusa iko wapi?"

Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyechora ramani ya mahali hapa.

"Sawa, mzee," akasema kwa adabu, ingawa sikuwa nimefika miaka thelathini. "Na ruhusa iko wapi?"

Tulirudi, tukapanda kilima kilicho nyuma ya mji, tukaketi kwenye nyasi. Kutoka kule juu ziwa lilionekana lote, na ukingo wake wa waridi ukisogea polepole. Mke wangu alilitazama muda mrefu. Aliniuliza wanakula nini, nikamwambia ni majani madogo sana ya majini, madogo hata huyaoni. Akauliza kama ndiyo yanayowapa rangi ile, nikasema ndiyo. Kisha akavua viatu vyake vya kanisani, vilivyokuwa vipya na vya kumbana kidole, akavishika mkononi, tukashuka kuelekea nyumbani, yeye akitembea kwenye nyasi na mimi kwenye changarawe.